Krismasi Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kaskazi ikianza kuvuma na maembe ya kwanza yakishuka sokoni, maswali nayo huanza. Nafundisha watoto shule ya Jumapili hapa Malindi. Mlango wa kulia kwangu ni mama wa Kiislamu, wa kushoto ni mzee wa Kitaliano aliyestaafu, na Desemba mtaa mzima hujaa jamaa za watu kutoka bara. Wote huuliza, na kila mmoja ana swali lake. Nimeyaandika hapa yale yanayorudi mwaka baada ya mwaka. Mengine nimeyajibu kwa maneno mawili matatu, mengine yamenishinda kuyafupisha.

Neno "Krismasi" limetoka wapi? Na "Noeli" je?

Krismasi tumeipata kwa Waingereza, na kwao maana yake ya asili ni misa ya Kristo. Noeli, ambayo Wakatoliki wengi wa Tanzania huipenda zaidi, imetokana na Kifaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini la kuzaliwa. Mzizi huohuo umezaa "Natale" la Wataliano na "Natal" la Wareno. Mtu akikuandikia "Xmas" usimshuku kwamba amemfuta Kristo. Ile X ni herufi ya Kigiriki, khi, inayoanza jina la Kristo kwa lugha hiyo, na Wakristo wenyewe wameitumia kufupisha jina hilo kwa karne nyingi.

Je, Yesu alizaliwa kweli tarehe 25 Desemba?

Biblia haikutaja siku wala mwezi. Luka anatupa wachungaji waliokuwa makondeni usiku wakilinda kundi kwa zamu, basi. Wakristo wa mwanzo hata hawakuwa na sikukuu hii. Yao kubwa ilikuwa Pasaka, na suala la siku ya kuzaliwa halikuwasumbua sana. Karibu mwaka 200 Klementi wa Aleksandria aliandika kwamba wako watu waliokuwa wakikisia, akataja tarehe zinazoangukia Aprili na Mei. Desemba 25 haimo katika orodha yake.

Andiko la kwanza linaloitaja 25 Desemba kwa uwazi ni kalenda iliyotungwa Roma mwaka 354, na sehemu ya orodha zake inarudi nyuma hadi mwaka 336. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka 300 baada ya tukio.

Na ukidhani angalau mwaka tunaujua, subiri. Hesabu ya miaka tunayoitumia iliwekwa na mtawa mmoja, Dionysius Exiguus, mwaka 525, naye aliteleza kidogo. Herode, aliyekuwa mfalme wakati wa kuzaliwa kwa Yesu, wanahistoria wengi husema alikufa mwaka 4 Kabla ya Kristo. Kwa hiyo Kristo alizaliwa miaka kadhaa kabla ya Kristo. Nilipowaeleza vijana wa kipaimara jambo hili, mmoja alicheka mpaka akaporomoka kwenye benchi.

Basi kwa nini ikachaguliwa tarehe hiyo? Nasikia ni sikukuu ya wapagani.

Hili ndilo swali linaloletwa kwa ukali zaidi, mara nyingi na mtu aliyetumiwa video usiku uliopita. Kuna maelezo mawili, na yote mawili yana watu wazito nyuma yake.

La kwanza ni la jua. Roma ilikuwa na Saturnalia, sherehe iliyoanza 17 Desemba ikaendelea hadi 23: watu walikula, wakapeana zawadi ndogondogo, na kwa siku hizo mabwana waliwaandalia meza watumwa wao. Kisha mwaka 274 Kaisari Aurelianus aliweka wakfu hekalu la Jua Lisiloshindwa. Katika kalenda ya Kirumi 25 Desemba ilihesabiwa kuwa siku ambayo jua, baada ya kushuka na kushuka, linaanza tena kupanda. Kwetu hapa, digrii tatu na kidogo kusini ya ikweta, jambo hilo halina uzito: magharibi inaingia karibu saa ileile mwaka mzima. Lakini kwa mtu wa Ulaya ambaye Desemba giza humkuta saa kumi jioni, kurudi kwa mwanga ni habari kubwa. Na kalenda ileile ya mwaka 354 inaitaja 25 Desemba kuwa siku ya kuzaliwa kwa huyo Asiyeshindwa.

La pili ni la hesabu. Baadhi ya Wakristo wa zamani waliamini kwamba Yesu alichukuliwa mimba tarehe ileile aliyokuja kufa, nao waliiweka 25 Machi. Ongeza miezi tisa, unafika 25 Desemba bila kupita kwa jua wala kwa Saturnalia.

Mimi naona njia zote mbili zilikutana mlangoni. Watu wa pwani hatupaswi kushangaa. Makunduchi kule Unguja wanaadhimisha Mwaka Kogwa, mwaka wa jua ulioletwa na asili za Kiajemi, na wanaouadhimisha ni Waislamu wanaoswali na kufunga. Sikukuu ya zamani hupata wenyeji wapya, wakaivika nguo zao. Anayesema Krismasi yote ni upagani amesema nusu, na anayesema haina hata chembe ya mambo ya kale naye hajaitazama vizuri.

Mbona Waethiopia husherehekea Januari?

Ni tofauti ya kalenda tu. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliirekebisha kalenda ya Julius Caesar, iliyokuwa imeachana na jua. Makanisa mengi ya Mashariki yalibaki na ya zamani, ambayo sasa iko nyuma siku 13. Kwa hiyo Desemba 25 ya Warusi inaangukia 7 Januari yetu. Waethiopia nao wana kalenda yao, na Genna, ndiyo Krismasi yao, huwa 7 Januari pia. Mahujaji hufurika Lalibela kwenye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, na uko mchezo wa magongo unaoitwa jina hilohilo la sikukuu. Kanisa la Kitume la Armenia wao hukusanya kuzaliwa na ubatizo pamoja, tarehe 6 Januari, kama ilivyokuwa zamani sehemu nyingi za Mashariki.

Mwalimu, hori ni nini?

Swali la watoto, nami nalipenda kuliko yote. Biblia ya Kiswahili inasema Mariamu alimvika mtoto nguo za kitoto, "akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe". Sasa mwambie mtoto wa Malindi, baba yake mvuvi, kwamba mtoto alilazwa horini. Kwake yeye hori ni chombo, kile kidogo cha kupiga kafi. Na nyanya yake atamwambia hori ni mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu. Mwaka mmoja nilisema kila mtu achore kuzaliwa kwa Yesu, nikaletewa mtoto amelala ndani ya mashua, Yusufu ameshika upondo, na ng'ombe wawili wameketi tezini. Nilimpa maksi zote.

Hori ya Luka ni chombo cha kulishia mifugo. Na hao ng'ombe na punda tunaowaona kwenye picha Luka hakuwataja. Wameingia kutoka kwa nabii Isaya, anayesema ng'ombe na punda wanawajua wenyewe wao. Watoto wa kutoka Lamu kwa punda hawana swali. Kwao nyumba isiyo na punda karibu ndiyo ya ajabu.

Mamajusi walikuwa watatu?

Mathayo hakutaja idadi. Watatu tumewapata kwa kuhesabu zawadi: dhahabu, uvumba na manemane. Majina ya Gaspari, Melkiori na Balthazari yalikuja karne nyingi baadaye, na ufalme wao vilevile. Injili inawaita mamajusi tu, watu wa mashariki waliosoma nyota.

Zawadi zenyewe ndizo zinazonivutia, maana kwa Mzungu uvumba ni neno la kanisani, kwetu ni harufu ya nyumba. Uvumba ni ubani. Ni utomvu wa mti unaoota Somalia, Yemen na Oman: gome linakwanguliwa, utomvu unatoka kama machozi, unakauka, unakwanguliwa tena. Manemane ni utomvu wa jamaa wa mti huo, naye hupatikana Somalia, Ethiopia hadi kaskazini mwa Kenya. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka huko, miezi hii hii ya Desemba hadi Machi, yakiwa na tende na samaki wa chumvi na ubani, yakatia nanga Lamu, Malindi, Mombasa, kisha yakangoja kusi kurudi. Kwa hivyo mzigo wa mamajusi ungefika Malindi hata kama mamajusi wenyewe hawakufika.

Mwaka juzi tuliigiza kisa hicho. Kanzu na vilemba tuliazima kwa vijana wa mtaani, chetezo kwa mama jirani. Mama alinipa na ubani wake mzuri ndani ya kijikopo. Kijana aliyekuwa mamajusi wa pili hakuwahi kufukiza chochote maishani mwake. Alifika mbele ya hori, akaufungua mkebe, akaumimina wote juu ya makaa kwa mkupuo mmoja. Moshi ulipanda kama shamba linachomwa. Mzee wa kanisa alitoka nje akikohoa, malaika akaanza kulia, Herode akasahau maneno yake. Nilipomrudishia mama chetezo na kumsimulia, aliniambia, "Mwalimu, ubani hutiwa chembechembe, haumwagwi." Kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

Pango la Krismasi lilianza wapi?

Italia. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, Fransisko wa Asizi alitaka watu waone kwa macho jinsi ile hali ya Bethlehemu ilivyokuwa, akaandaa hori lenye majani makavu, na ng'ombe na punda wazima. Desturi ikaenea. Mzee jirani yangu kila mwaka hutengeneza lake barazani, vinyago vya udongo alivyokuja navyo, ila milima amejengea mawe ya matumbawe na mchanga wa ufukwe wa Silversands. Kwake lazima awepo mtu wa kuuza samaki. Nilimuuliza Bethlehemu na samaki wapi na wapi; akanijibu kwamba kwao Napoli pango bila muuza samaki si pango.

Wataliano hawa wa Malindi wameanza lini, na wameleta nini?

Wengi hukumbuka mradi wa San Marco kule Ngomeni, kituo cha Wataliano cha kurushia setilaiti kutoka jukwaa lililosimikwa baharini. Urushaji wa kwanza kwenye jukwaa hilo ulikuwa Aprili 1967. Mmoja uliovuma zaidi ulikuwa 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana setilaiti ile ikaitwa Uhuru. Baada ya hapo hoteli na nyumba za Wataliano ziliongezeka, na leo muuza vinyago wa ufukweni atakutakia "Buon Natale" bila kuwaza. Kwa Krismasi wameleta panettone, mkate mtamu mrefu wa Milano wenye zabibu kavu, unaouzwa ndani ya boksi lenye kamba. Kwa maoni yangu mahamri ya moto yanaushinda, lakini ukichovywa kwenye chai ya tangawizi unakaribia.

Kwa nini tunasimamisha mti, na ni mti gani?

Desturi hii ni ya Wajerumani. Maelezo ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg yanasimulia watu walioweka misonobari sebuleni na kuitundika mawaridi ya karatasi, tufaha na vitu vitamu. Malkia Charlotte, Mjerumani aliyeolewa Uingereza, aliweka mti Windsor mwaka 1800, lakini kilichowatia watu hamu ni picha ya gazeti ya mwaka 1848: Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wamezunguka mti. Tangu hapo kila mwenye uwezo alitaka wake. Wamishenari na walowezi wakaupandisha meli.

Bara hukata matawi ya mitarakwa. Hapa Malindi tunatumia mvinje, kwa sababu ndio uliopo ufukweni na majani yake, membamba kama nywele, yanafanana kidogo na msonobari. Tawi la kadiri ya mtu mzima linasimamishwa ndani ya debe la mchanga, debe linazungushiwa kanga au karatasi ya kumetameta. Tahadhari mbili. Mvinje kwa joto la kaskazi hudondosha majani baada ya siku chache, basi usikate kabla ya tarehe 20, na umwagie mchanga maji kila jioni. Na mishumaa ya kweli usithubutu. Nyumba yenye paa la makuti na mti mkavu wenye mshumaa ni jambo ambalo hata kuliwaza sitaki.

Na ile pamba juu ya matawi?

Theluji. Watoto wetu wengi huiona kwenye runinga tu, na mmoja aliniuliza kama huko Ulaya miti yote huota pamba. Ukitaka uhalisi wa pwani, tundika makombe.

Baba Krismasi ni nani?

Nyuma yake yuko mtu wa kweli: Nikolao, askofu wa Mira, mji wa nchi iitwayo leo Uturuki, karne ya 4. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya baba aliyefilisika mwenye mabinti watatu. Kule upande wa mwanamke ndio uliotoa mali ya ndoa, kinyume cha kwetu, kwa hiyo mabinti wasingeolewa, na hatari yao ilikuwa kuuzwa. Nikolao akapita usiku akarusha mfuko wa dhahabu dirishani, kisha wa pili, kisha wa tatu, asitake kujulikana. Mabaharia nao wamemfanya msimamizi wao, na mabaharia ndio walioichukua mifupa yake mwaka 1087 wakaipeleka Bari, Italia. Jirani yangu anasema waliiokoa. Mturuki nadhani angetumia neno jingine.

Sikukuu yake ni 6 Desemba. Waholanzi walimwita Sinterklaas, jina likavuka Atlantiki likawa Santa Claus New York. Shairi lililochapishwa mwaka 1823 likampa gari la kuvutwa na kulungu wa baridi. Kuanzia 1863 mchoraji Thomas Nast akamchora akiwa na kitambi na ndevu. Wengi husema Coca-Cola ndiyo iliyomvika nguo nyekundu. Si kweli, nyekundu ilikuwepo. Matangazo yao yaliyochorwa na Haddon Sundblom kuanzia 1931 ndiyo yaliyoieneza sura ileile moja duniani kote.

Hapa Malindi utamkuta mlangoni mwa duka kubwa, kijana wa miaka 20 na kitu ndani ya suti ya nailoni yenye manyoya shingoni, ndevu zimemteremka kidevuni, chini amevaa malapa. Mpe maji.

Krismasi ni Maulidi ya Wakristo?

Mama jirani ndivyo anavyoieleza kwa wajukuu wake, na kwa kuanzia si mbaya: zote mbili ni za mazazi. Maulidi huenda na mwezi, Mfungo Sita, kwa hiyo huzunguka mwaka mzima, na ya Lamu, pale Msikiti wa Riyadha aliouanzisha Habib Swaleh, huleta watu kutoka pwani yote, na dufu na mashindano ya punda. Krismasi imefungwa kwenye jua, haihami. Tofauti kubwa zaidi ni ya imani. Kwa Mkristo aliyezaliwa ni Mwana wa Mungu. Kwa Mwislamu, Nabii Isa bin Mariam ni mtume mtukufu na si zaidi ya hapo. Hilo halifichwi wala halihitaji kugombaniwa jikoni.

Kuzaliwa kwake kumo katika Kurani pia, Sura Maryam: uchungu unampeleka Mariamu kwenye shina la mtende, anaambiwa alitikise, tende mbivu zinamwangukia. Hakuna zizi wala hori. Watoto wangu walipoisikia waliuliza mara moja kwa nini sisi hatuna tende. Tangu hapo natia sahani ya tende mezani Krismasi.

Je, Mwislamu anaweza kunitakia heri au kula chakula changu?

Kuhusu salamu, masheikh wana maoni tofauti. Kila mtu amuulize wake, na asiyetamka "Heri ya Krismasi" usimhesabie ubaya. Kuhusu chakula, hakikisha mbuzi au kuku amechinjwa na Mwislamu, na sufuria haijapikiwa nguruwe. Hapa mtaani tumelimaliza zamani: anayechinja ni yuleyule wa mwaka mzima. Iddi sahani ya mama huja kwangu na biriani, Krismasi sahani hiyohiyo hurudi na pilau. Sahani ya jirani hairudi tupu. Kuna moja yenye maua ya buluu ambayo kwa sasa hatuna hakika ni ya nani.

Ni kweli Vasco da Gama ndiye aliyeleta Krismasi Malindi?

Wageni wanaotoka kuitazama nguzo yake hudhani hivyo. Krismasi ya safari ile, ya mwaka 1497, ilimkuta mbali sana kusini, na pwani aliyokuwa akiipita akaiita Natal kwa ajili ya siku hiyo. Jina bado limo katika KwaZulu-Natal ya Afrika Kusini. Malindi alifika katikati ya Aprili 1498, siku za Pasaka. Wao wamepata Krismasi, sisi tumepata Pasaka na rubani wa kumvusha hadi India.

Kanisa dogo la Kireno, lile jeupe lenye paa la makuti upande wa kusini wa mji, lina uzee wa karne ya 16. Mmishenari Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Lakini Wareno walihamishia nguvu zao Mombasa, wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na Ukristo wao huku haukuacha mizizi. Krismasi tunayoijua sasa, yenye nyimbo, mti na kadi, ilikuja na wamishenari wa karne ya 19. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kituo cha Rabai kikaanza 1846. Jimbo Katoliki la Malindi, lenye kuhudumia hadi Lamu, ni la juzi tu: mwaka 2000.

Kuna Wakristo wasiosherehekea?

Wapo. Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei kabisa, na baadhi ya Waadventista nao huiacha, kwa sababu haikuamriwa katika Biblia. Si jambo jipya. Bunge la Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, Uingereza liliipiga marufuku mwaka 1647, na koloni la Massachusetts likaweka faini ya shilingi tano kwa atakayeiadhimisha, kuanzia 1659 hadi 1681. Aliyekwenda kazini siku hiyo ndiye aliyekuwa mcha Mungu.

Siku yenyewe Malindi hupitaje?

Majilio huanza Jumapili nne kabla, padri amevaa zambarau. Wiki ya mwisho nauli kutoka Mombasa hupanda bila haya, na mafundi cherehani hawalali: nguo mpya kwa mtoto ndiyo Krismasi yenyewe, zawadi nyingine ni ziada. Usiku wa mkesha kanisa hujaa mpaka nje, wengine wakisikiliza kwa madirishani na tuktuk zikiwangoja barabarani. Asubuhi ni ibada tena. Mchana ni pilau au wali wa nazi na mbuzi, chapati, kachumbari yenye pilipili ya kutosha kumtoa mgeni machozi. Vijijini, kwa Wagiriama, mnazi haukosi kwa wazee. Alasiri watoto wote, Wakristo kwa Waislamu, huteremka ufukweni Buntwani na nguo zao mpya, na kufika magharibi nguo hizo si mpya tena.

Tarehe 26 ni Boxing Day, ilivyoachwa na Waingereza. Haihusu ngumi, jamani. Ni siku waliyowapa watumishi na maskini maboksi ya zawadi.

Mapambo yaondolewe lini?

Sikukuu ina siku 12, na 6 Januari ni Epifania, siku ya mamajusi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa Wataliano, kizee Befana hupita na ufagio wake: mtoto mwema humwachia peremende, mtukutu humwachia makaa, ambayo siku hizi ni sukari iliyotiwa rangi. Asubuhi shusha nyota, kunja karatasi za kumeta, uziweke kwa mwakani. Mvinje usiutupe barabarani. Utakuwa umekauka vizuri, na mvinje ni kuni kali: ng'oa nyuzi na misumari yote, ukate vipande vya urefu wa mkono, uuweke chini ya karai la mahamri. Matawi membamba yaanze kwanza, yanashika kama karatasi.